Bega la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto, na mtu pekee nyumbani kwetu aliyejua lugha ya hospitali alikuwa mimi, mume wa binti yake. Tatizo ndilo hilo, halina kona. Mwenye mama mkwe ameshaelewa.

Asiye naye, namweleza. Tuliishi katika nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya nne, na kwa adabu tuliyowekeana mimi na mama yule ungedhani kati yetu umepita mpaka wa nchi. Akiwa sebuleni, mimi nina shughuli jikoni. Nikiingia bafuni, yeye anakwenda kufungulia bomba la jikoni mpaka mwisho ili asisikie maji yangu. Aliniita baba, nami nilimwita mama, na tukipeana sahani kila mmoja alitazama sahani. Sasa mwanamke wa namna hiyo aje aniambie mimi, nami nimwambie mtu baki, habari za titi lake! Labda kwanza jengo lianguke.

Kwa nini mimi? Kwa sababu nilitangulia kuja. Tulipokimbia, kila mtu alikimbilia alikoona njia, na yangu ilinileta huku. Nikabandika vigae kwenye majengo ya watu miaka mingi kabla wenzangu hawajapata karatasi za kunifuata. Lugha nilifundishwa na msimamizi wangu, mtu asiye na subira, kwa hiyo nilianza na matusi, halafu namba, mengine yakafuata. Mke wangu anafanya kazi kwa dobi wa mahoteli pamoja na wanawake wa kwetu watupu; huko lugha ya nchi anaijua mkubwa wao peke yake, tena anaitumia kwenye simu. Mapacha wetu ndiyo kwanza walikuwa wanajifunza kufunga viatu. Mama mkwe alikuja wa mwisho, akiwa na begi moja na heshima yake.

Basi watu wa kwetu pale mtaani wakaniita Balozi. Barua ya umeme, barua ya shule, barua ya polisi, zote kwa Balozi. Sikumaliza hata shule ya msingi, lakini mpe mtu cheo uone atakavyotembea.

Mama alianza kwa kusema bega linauma. Alimwambia mke wangu, mke wangu akaniambia, nikapiga simu, tukapewa siku.

Mapokezi ya hospitali ile yana bango kubwa. Limeandikwa "Karibu" kwa lugha chungu nzima, yetu ikiwemo, na chini yake kuna picha ya watu wa kila rangi wanacheka kama wameambiwa leo hakuna foleni. Nilimwonyesha mama: wametuandikia Karibu. Akafurahi. Hatukujua kwamba lugha yetu pale ilianzia kwenye neno hilo na kuishia hapo hapo.

Dada wa mapokezi akauliza kama mama anahitaji mkalimani. Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno akasema, "Ah, lakini wewe si unaongea vizuri sana!" akabonyeza kitu kwenye kompyuta. Nikasema asante. Mtu akikusifu kwa lugha yake, utasema nini kingine?

Daktari alikuwa kijana, koti lake limepigwa pasi kama anakwenda kuoa.

"Mwulize anaumwa wapi."

"Mama, daktari anauliza unaumwa wapi."

Mama akatazama dirisha. "Bega, baba. La kushoto. Linashuka kidogo."

"Linashuka mpaka wapi?" daktari akauliza, nami nikauliza.

Mama akalitazama tena dirisha. "Linashuka tu."

Nikatafsiri kwa usahihi mkubwa: linashuka tu. Daktari akaandika. Sijui aliandika nini, lakini aliandika kwa muda mrefu kuliko maneno tuliyompa.

"Mwambie afungue nguo nione."

Sentensi hiyo naijua kwa lugha mbili, na kwa zote mbili haisemeki kwa mama mkwe. Nikaizunguka. "Mama, daktari anaomba, kama haitakuwa taabu, alione hilo bega kidogo."

Mama akashika ukosi wa gauni na kuuvuta pembeni. Ikaonekana ngozi ya upana wa vidole vitatu. Daktari akaitazama kama mtu anayenunua nyumba kwa kuchungulia tundu la ufunguo. Akabonyeza mara mbili, akainua mkono wa mama, akaushusha.

"Misuli," akasema. "Na umri."

Mama alikuwa na miaka hamsini na sita. Akapewa dawa ya kuchua na karatasi yenye picha za bwana mmoja mwenye kaptula anayezungusha mikono.

Basi tukalitibu bega. Sidhani kama kuna bega la mwanamichezo lililowahi kutunzwa kama lile. Asubuhi mama anazungusha mkono mbele ya televisheni, mapacha nyuma yake wanazungusha, mke wangu anapita na nguo anacheka. Tulirudi kwa daktari, akauinua mkono, ukapanda mpaka juu. "Vizuri sana!" akasema, akampa mama mkono wa pongezi. Mama akamshukuru kwa lugha yetu, na daktari akamjibu kwa neno lake moja la kwetu. "Karibu," akasema.

Bega lilipona kabisa. Hilo sitawanyima haki yao.

Mambo yalijulikana kwenye kufua. Mama alikuwa ameanza kuamka kabla ya watu wote ili afue nguo zake mwenyewe, na kuzianika chini ya taulo. Siku moja mke wangu alirudi mapema kutoka kazini, akainua taulo. Mimi nilikuwa chumbani, na ukuta wa jikoni ni ubao tu uliopakwa rangi.

"Mama, hili doa ni la nini?"

"Chai."

"Chai imeingiaje ndani ya sidiria?"

"Ilimwagika."

"Mama, nafua mashuka ya mahoteli matatu. Usiniambie mimi habari za chai."

Halafu bomba likafunguliwa mpaka mwisho, nikajua yanayofuata si ya masikio yangu.

Baadaye mke wangu akaja akakaa kitandani, mikono bado imelowa.

"Baba Mapacha, mama ana kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu. Kifuani. Kigumu, na kinatoa majimaji yenye damu."

"Na bega je?"

"Bega lilikuwa jirani tu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya hilo bega lenu."

"Sasa kwa nini hakusema?"

Akanikata jicho. "Angemwambia nani? Wewe?"

Mke wangu akasema amekishika kwa mkono wake na ni kikubwa kama limau, na mama amemwapiza asimwambie mtu, hasa mimi. Sote wawili tulijua kitu cha namna hiyo kinaitwaje. Hakuna aliyekitaja.

Nikapiga simu hospitali. Nikasema safari hii tunataka mkalimani, tena mwanamke.

"Hapa naona mgonjwa anakuja na mkalimani wake," akasema dada wa mapokezi.

"Nani huyo?"

"Wewe."

"Mimi nimejiuzulu."

"Kwa sababu gani?"

"Za kifamilia."

Akacheka. Akasema nisiwe na wasiwasi, hospitali ina huduma ya kisasa kabisa, mkalimani wa simu, anapatikana kwa kubonyeza. Mwanamke? Hilo wataliandika kama ombi. Wakaliandika. Wiki zikapita, ombi likiwa limeandikwa vizuri sana.

Siku ilipofika nilibaki kwenye benchi la koridoni, mke wangu akaingia na mama. Mlango haukufungwa vizuri, na simu ile waliiweka mezani kwa sauti kubwa, kwa hiyo niliyasikia yote, mimi na waliokaa jirani yangu.

"Habari za asubuhi," simu ikasema kwa lugha yetu, sauti ya kiume. "Mimi ni mkalimani wenu. Yote mtakayosema ni siri."

Mama akauliza: "Hiyo si sauti ya Katibu?"

"Ah! Mama mkwe wa Balozi! Shikamoo mama!"

Huyo Katibu ni katibu wa chama chetu cha kusaidiana. Kila Jumapili husimama mbele ya watu wote na kusoma nani anaumwa, anaumwa nini, imeanzaje na imefikia wapi, ili watu waguswe wachange. Ni mtu mwema, ila hana breki. Kumbe siku za kazi alikuwa anakodishwa na kampuni ya simu kutunza siri za watu.

"Marahaba," mama akasema. "Bega linaniuma."

"Katibu, mwambie daktari kwamba mama..." mke wangu akaanza, halafu akapiga ukelele. Alifinywa paja. Alama alinionyesha nyumbani.

"Bega," mama akarudia. "La kushoto. Msalimie mkeo."

Daktari yule yule akasema bega lilikuwa limepona. Mama akasema limerudi. Wakampa dawa ileile ya kuchua, tyubu kubwa zaidi. Na Jumapili Katibu, mtunza siri, akasimama mbele ya umati, na chama kizima kikachangia bega.

Jioni ile mama na mke wangu walizozana jikoni bila hata kufungulia bomba.

"Mama, unataka kufa?"

"Nikifa, watu watasema alikuwa na bega. Siyo waseme alivuliwa nguo mbele ya mwanamume, na Katibu akisikiliza."

"Na mapacha wangu watasema bibi yao alikuwa na adabu!"

"Wakisema hivyo kuna ubaya gani?"

Nilisikia sufuria zikipangwa, kisha nikasikia mke wangu analia, kilio cha mtu anayejibana asisikike. Mama naye hakutoka. Walikaa humo jikoni, mmoja analia, mwingine anafuta meza iliyokwisha kufutwa.

Mapacha walipolala mke wangu akanifuata jikoni. "Nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Kusema. Nitaingia naye, nitasema mimi, hamna simu, hamna Balozi. Nifundishe neno lenyewe."

"Lipi?"

"Usijitie hamnazo."

Nikatazama mlango wa chumba cha mama. Haukuwa umefungwa. Nikageuka nikalikabili jokofu, nikalisema, kwa lugha yao. Titi.

Jengo halikuanguka. Nilishangaa mimi mwenyewe. Kwa lugha yetu neno hilo nisingeweza kulitamka mama akiwa hata mtaa wa pili. Kwa lugha yao lilitoka kama jina la kituo cha basi. Halikuwa na uso wala uzito. Halikuwa limewahi kusemwa na mama yangu, wala kuchekwa na wavulana wa shuleni. Nikalisema tena.

"Rudia," nikamwambia mke wangu.

Akarudia. Kwa jinsi alivyolitamka, msimamizi wangu angeita wazima moto.

"Tena."

Akarudia, vibaya zaidi. Akajaribu kwa hasira, halafu kwa upole. Nikawa nacheka, yeye ananipiga kwa taulo, na hapo ikatoka sauti chumbani, nyuma ya ule mlango.

"Siyo hivyo, mwanangu. Unaumeza mwanzo wake."

Na mama akalisema. Kwa lugha yao, safi kabisa, kuliko hata mimi. Kisha mlango ukafungwa.

Tulitazamana na mke wangu kama watu waliosikia mwizi.

Kesho yake jioni nilisimama tena mbele ya jokofu. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kiasi cha mkono kupita. Nikaliambia jokofu neno la uvimbe. Nyuma ya mlango likarudi. Nikaliambia damu, kushoto, daktari mwanamke, mwaka jana. Yote yakarudi. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kutamka hata "kiuno" mbele yangu, alikaa kwenye giza la chumba chake akipaza sauti titi, titi, titi, kwa lugha ya watu, nami nikiwa nimempa mgongo namsahihisha.

"Mama, kaza mwisho wake."

"Hivi, baba?"

"Hivyo hivyo."

Mke wangu alikaa katikati, kwenye kiti cha jikoni, mkono mdomoni. Baadaye aliniambia alikuwa hajui acheke au aite watu. Asubuhi mimi na mama tulipeana sahani, kila mmoja akatazama sahani.

Tulipokwenda hospitali mara iliyofuata, mama alitangulia mwenyewe mpaka mapokezi. Yule dada akanitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa nasoma bango la Karibu.

"Daktari mwanamke," mama akasema.

"Samahani?"

"Daktari. Mwanamke."

Yule dada akaeleza jambo refu kuhusu ratiba na umuhimu wa kutoa taarifa mapema. Mama hakuelewa hata neno moja, na sijaona silaha nzuri kama hiyo. Alisubiri mpaka dada akamaliza, akasema tena, "Daktari mwanamke." Foleni nyuma yetu ikaanza kukohoa. Tukaambiwa tukae. Tulikaa mpaka saa za chakula zikapita, halafu akatoka mwanamke mfupi mwenye miwani, akatuita.

Mama na mke wangu wakaingia. Nilimwona daktari anaivuta ile simu ya ukalimani, na mama anaichukua kwa heshima zote, anaipeleka kwenye sinki pembeni na kuifunika kwa taulo. Kisha mlango ukafungwa.

Hata hivyo nilisikia. Mama aliamini kwamba lugha ya kigeni ikisemwa kwa nguvu inaeleweka zaidi, na alimsomea daktari somo lote tangu mwanzo kama mtu anayenadi mali.

"Titi! Kushoto! Uvimbe! Damu! Mwaka jana! Titi!"

Koridoni watu wote wakageuka. Mzee mmoja wa pale aliyekaa karibu nami akainamisha kichwa.

"Ni mama yako huyo?" akaninong'oneza.

"Simjui," nikasema.

Mara hiyo ndani hakuna aliyetazama ngozi ya upana wa vidole vitatu. Nilijua kwa namna daktari alivyotoka. Alipita mbele yangu bila kukimbia, lakini kama mtu anayejizuia asikimbie, akarudi na mwenzake.

Vipimo vilifanyika wiki hiyo hiyo. Tukapelekwa jengo la nyuma, ghorofa ya tatu, na huko akatupokea mama mmoja mtu mzima, mpole, mwenye kitambulisho shingoni, akamwamkia mama mkwe kwa lugha yetu. Mkalimani. Mwanamke. Si mtu wa chama wala hamjui Katibu.

Nilimwuliza yupo hapo tangu lini.

"Miaka mingi," akasema. "Siku mbili kila wiki."

"Na kule mbele hawajui kama upo?"

"Wanajua. Ila mimi nimewekwa kwa ajili ya wagonjwa wa saratani."

Nikamwomba arudie, nisije nikawa nimeelewa vibaya, mimi mtu wa vigae. Akarudia. Hospitali ina mtu wa kukusaidia kusema kwamba una saratani, na ili umpate unatakiwa kwanza uwe umeshasema. Alilieleza hilo kwa huzuni, na si yeye aliyelipanga, kwa hiyo sikumtukana. Matusi ninayo, nilishasema niliyafundishwa kwanza.

Walikaa naye ndani, mama na mke wangu, nami nikakaa nje panaponistahili. Mama alimwambia yote, kwa lugha yetu, taratibu, na mke wangu anasema mama alilia aliposikia neno lenyewe likitoka kinywani mwake mwenyewe. Daktari mfupi naye hakuficha. Aliwaambia kitu kile kilipoanza kilikuwa kidogo, na siku mama alipoingia kwa daktari wa bega kingeweza kutolewa peke yake, akashonwa, akarudi nyumbani.

Kilichotoka ni titi lote la kushoto. Zikatoka tezi kumi na nne za kwapani, tisa kati yake zikiwa tayari zimeingiliwa. Nywele zilitoka zote, zimerudi nyeupe. Kwenye ini kuna doa ambalo hawakuligusa, wanalipima kila baada ya miezi mitatu. Mke wangu aliacha kazi ya dobi ili amuuguze, na nafasi yake ameshapewa mtu. Mama aliuliza mwenyewe, bila mkalimani, amebakiwa na miaka mingapi. Daktari alisema uvimbe ungeonekana mara ya kwanza wangezungumza habari ya ishirini au zaidi. Sasa wanazungumza habari ya mitatu.